Vijana mliopata pesa ya PDM (ule mkopo wa serikali ya Uganda wa milioni moja kwa kaya) mkaingia shambani, nani bado analima mwaka wa pili? Nini kilikubakisha?

Kijana_wa_Kigumba

Habari zenu wote humu. Mimi ni kijana wa miaka 26, niko Kigumba, wilaya ya Kiryandongo, nina mke na mtoto mmoja. Naomba wanijibu hasa wale waliopitia wenyewe, maana ya redioni nimeshayasikia vya kutosha.

Mwaka jana nilipata ile milioni moja ya PDM. Nilifurahi kwa kweli, ilikuwa mara yangu ya kwanza kushika milioni nzima kwa mkupuo. Sikunywa, sikununua simu, yote niliingiza shambani msimu wa kwanza, ule wa mvua za Machi. Wacha niwawekee hesabu kama ilivyo kwenye daftari langu.

Nilikodi ekari 2 kwa 150,000 kila moja, hiyo ni 300,000. Kulimisha na ng'ombe mara mbili 240,000. Mbegu ya haibridi ya dukani kilo 20 nikalipa 160,000. Vibarua wa kupanda 80,000, wa kupalilia 200,000. Jumla 980,000, ile 20,000 iliyobaki ikaenda kwa chumvi na sabuni.

Mahindi yalipokuwa yanatoa mbelewele mvua ikakatika wiki mbili na nusu. Mwisho wa yote nikavuna kilo 1,900, sio mbaya sana ukilinganisha na majirani. Sasa Julai Kigumba yote inavuna pamoja, malori yamejipanga barabarani kwenye lami ile ya kwenda Gulu, mwenye lori anakwambia 600 kwa kilo unataka hutaki. Nikauza zote, 1,140,000. Toa mashine ya kupukuchua 76,000, toa magunia 28,500, toa pikipiki ya kutoa shambani mpaka barabarani 57,000. Nikabaki na 978,500.

Yaani niliweka 980,000 nikatoa 978,500. Miezi mitano mimi na mke wangu, mtoto amelala chini ya mti tunapalilia, halafu hata ile pesa ya watu haikurudi kamili. Na hayo mahindi niliyouza 600, mwezi wa kumi yalikuwa 1,000.

Tulikuwa vijana 4 tuliopokea pamoja. Mmoja sasa anaendesha boda Bweyale, mwingine yuko Kampala analinda geti, wa tatu sijui aliko. Nimebaki mimi na mimi nimeanza kuyumba, shemeji yangu ananiambia chukua boda ya mkopo uwe unashika pesa kila jioni.

Swali langu ni hili, serikali inatusaidia kuingia, sawa, lakini kuna msaada gani wa kukufanya UBAKI? Nyie mliobaki mlifanyaje? Mimi kilimo nakipenda, sitaki kuondoka, lakini kupenda hakulipi kodi ya shamba.

---

MamaMboga_Masindi

Pole sana mdogo wangu. Na hongera kwa daftari, wengi hawana hata hilo, wanajua tu "nilipata hasara" lakini hawajui ilipitia wapi.

Mimi nilipata PDM nikiwa na miaka 28, nikaingia kwa kundi la vijana. Milioni moja na mahindi haviendani, nakwambia ukweli. Mahindi yanataka mwenye ekari 10 ambaye ana stoo na anaweza kungoja bei. Wewe wa ekari 2 za kukodi unakaa miezi mitano hauoni shilingi, mtoto akiugua unaenda kukopa, ukivuna unauza siku hiyohiyo kwa sababu una madeni yanakungoja mlangoni. Mwenye lori anajua hilo vizuri.

Mimi nilichukua robo ekari tu, tena karibu na kijito. Nikapanda sukuma wiki, dodo (mchicha wa kwetu), nakati (mboga nyingine ya majani), na mistari ya nyanya. Nikanunua bomba la kupulizia la mgongoni na madebe mawili ya kumwagilia, kingine nikanunua nguruwe wawili wadogo. Dodo wiki ya nne unaanza kukata. Naenda soko la Masindi mara mbili kwa wiki, siku nzuri narudi na 40,000 siku mbaya 15,000, lakini NARUDI NA KITU. Hiyo ndo ilinibakisha, sio kwamba nina moyo kuliko wengine. Hata nyanya zilipopigwa na baridi mwezi wa tano zikaoza zote, dodo ilikuwa inaendelea kutulisha.

Kiangazi cha Desemba mpaka Februari ndo pesa yenyewe, kwa sababu mboga zinakuwa chache. Lakini kumwagilia kwa dumu kunavunja mgongo jamani, mimi nabeba madumu 30 asubuhi na 30 jioni. Kuna mpango wa serikali wa umwagiliaji mdogo unaopitia wilayani, mkulima analipa sehemu na serikali inalipa sehemu, shamba lisizidi ekari 2.5. Nenda ofisi ya kilimo ya wilaya uulize kama bado wanaandikisha. Mimi nilikwama kwa sababu wanataka ardhi iwe yako au uwe na maandishi ya kuonyesha utaitumia muda mrefu, na mimi nimekodi kwa mdomo tu. Hilo mtu mwingine humu atalisemea vizuri.

---

Muleteni_pesa

Tatizo ni vijana wenyewe. Wanataka pesa ya haraka. Wazee wetu walilima pamba na kahawa bila PDM wala nini na walisomesha watoto.

---

MamaMboga_Masindi

@Muleteni_pesa ndugu yangu wazee wetu walikuwa na ardhi yao. Huyu kijana ametoa 300,000 ya kodi kabla hajaweka mbegu hata moja chini. Ukitoa hiyo kodi kwenye hesabu yake angekuwa na faida ya karibu laki tatu, soma tena. Na wazee walikuwa na vyama vya ushirika vilivyonunua pamba na kahawa yao na kuipeleka mpaka kiwandani, huyu ana lori moja mbele yake na bei moja. Usimwite mvivu mtu aliyepalilia na mtoto chini ya mti.

---

Katibu_wa_Parishi

Mimi nimekaa kwenye kamati ya SACCO ya parishi yetu (parishi ni eneo la serikali la vijiji kadhaa, sio ya kanisa), wilaya sitaji, acha nieleze utaratibu maana naona watu wengi wanapewa pesa bila kuelezwa masharti.

PDM ilizinduliwa Kibuku tarehe 26 Februari 2022. Kila parishi inaletewa milioni 100 kwa mwaka, na kaya moja inapata milioni 1. Katika hiyo pesa asilimia 30 ni ya vijana na asilimia 30 ni ya wanawake, halafu kuna fungu la wazee na watu wenye ulemavu. Riba ni asilimia 6 kwa mwaka. Unapewa miaka 2 ya kupumua kabla ya kulipa, mkopo wote unaisha ndani ya miaka 3. Kwa hiyo Kijana_wa_Kigumba kwanza tulia, hujachelewa kulipa, una muda. Kosa kubwa ninaloona ni kijana anaingiza pesa yote msimu mmoja kwenye zao moja kana kwamba anatakiwa kurudisha mwezi wa nane. Pesa ya miaka 3 unaitumia kama pesa ya miezi 5.

Na pesa ukilipa hairudi Kampala, inabaki kwenye SACCO ya parishi yenu inamzungukia jirani. Nasema hivi kwa sababu kuna watu wanawaambia vijana "hiyo ni zawadi ya kura, msilipe". Asiyelipa anamnyima kijana mwenzake wa kijiji hichohicho, sio serikali.

Jambo la pili, kaya. Hapa ndo vijana wengi wanakwama. Msaada unahesabiwa kwa kaya, kwa hiyo kama unaishi kwa baba yako na baba kashachukua, wewe unaonekana umeshapata. Nimeona vijana wa miaka 24 wakirudi nyumbani wamenuna kwa sababu hiyo. Kama umeoa na una nyumba yako na jiko lako, hata kama ni kwenye kiwanja cha mzee, hakikisha umeandikishwa kaya yako peke yako, nenda kwa mwenyekiti wa LC1 (wa kijiji) na chifu wa parishi na kitambulisho cha taifa.

Jambo la tatu, fomu ni bure. Mtu akikwambia toa 50,000 ya "kusukuma faili" usitoe. Pesa siku hizi inaingia kwenye simu yako mwenyewe kwa Wendi, ile pochi ya simu ya PostBank, hakuna haja ya mtu katikati.

Sasa kuhusu kubaki. Ni kweli PDM ni mlango wa kuingilia. Ukishaingia, kuna mambo mawili ambayo vijana hawayajui. La kwanza ni mfuko wa mikopo ya kilimo wa Benki Kuu, ACF wanauita, upo tangu 2009. Hauendi Benki Kuu mwenyewe, unauliza benki yako. Riba haitakiwi kupita asilimia 12, na kuna fungu la wakulima wadogo mpaka milioni 20 ambalo hawalazimishi hati ya ardhi, wanaangalia mzunguko wa pesa yako na mali zinazohamishika. Ndo maana daftari lako ni mali. Mtu wa mkopo anataka kuona misimu kadhaa imeandikwa, sio kusimuliwa.

La pili ni bima ya kilimo. Tangu 2016 serikali inalipa nusu ya malipo ya bima kwa mkulima mdogo, na kwa maeneo yenye majanga mara kwa mara inalipa mpaka asilimia 80. Ile wiki mbili na nusu ya jua kwenye mbelewele ndo kitu bima imetengenezewa. Lakini unalipia kabla ya kupanda, ukisubiri uone mawingu umechelewa.

---

Kijana_wa_Kigumba

Asante sana Katibu. Hiyo ya miaka 2 ya kupumua wallahi mimi sikuambiwa, kwenye mkutano tulisaini tu. Nilikuwa nakosa usingizi. Bima pia ndo kwanza nasikia leo.

Dada MamaMboga nimekuelewa, lakini hapa kwetu kijito kiko mbali na mashamba ya kijitoni wenyewe hawakodishi kwa kijana, wanasema utalima mwaka mmoja utakimbia.

---

MzeeWaBunyoro

Kijana wangu, nimesoma yote. Mimi ni mtu mzima wa miaka 61 na mimi ni mmoja wa hao wanaokodisha, kwa hiyo acha nikwambie kutoka upande wetu.

Tatizo lako kubwa sio milioni. Tatizo lako ni kwamba unakodi msimu kwa msimu. Mtu wa msimu hawezi kuweka samadi kwenye ardhi ya mwenzake, hawezi kupanda ndizi wala kahawa wala kuchimba kisima. Analima mahindi kwa sababu mahindi ndo yanatoka haraka aondoke. Na sisi wenye ardhi, nisema ukweli, wengine wetu hatuna haki. Kijana anaingia kwenye kichaka, anang'oa visiki miezi miwili mikono imechubuka, msimu wa pili shamba limependeza, mzee anaona wivu anamwambia "msimu ujao natumia mwenyewe". Nimeona ikitendeka kwa jirani yangu na kijana yule akalia mbele ya watu. Hiyo ndo inayofukuza vijana kuliko bei.

Rais anazungumzia ekari nne, moja kahawa, moja matunda, moja chakula, moja majani ya ng'ombe wa maziwa. Ni mpango mzuri kwa mwenye ekari nne. Lakini mimi mwenyewe nina ekari 9 na watoto 7, nikigawa kila mmoja anapata ekari moja na kidogo. Kwa hiyo kijana wa leo asiyekodi hawezi kulima, na asiyekodi kwa miaka hawezi kubaki.

Fanya hivi. Tafuta mwenye ardhi asiyeitumia, wako wengi, wajane na watu wa mjini. Usimwombe msimu, mwombe miaka 5. Andikeni makubaliano, asaini yeye, mke wake au mume wake, na mtoto mkubwa kama yupo, maana mzee akifa watoto ndo wanakuja na mapanga. LC1 apige muhuri. Lipa mwaka mmoja mbele, sio yote. Na mwandike nini kitatokea kama mwenye ardhi amelichukua shamba kabla ya muda, akulipe kazi yako ya visiki na mazao yaliyo chini.

Mimi vijana wawili nimewapa namna hiyo. Mmoja yuko mwaka wa nne, amepanda ndizi.

---

Arua_Farm_Boy

Salamu kutoka Arua. Mimi niko wa kundi la zamani, ile YLP, mpango wa kukopesha vikundi vya vijana wa Wizara ya Jinsia, ilianza 2013/14 kama mnakumbuka. Yetu ilikuwa 2016. Grupu ya vijana 12, tukapata pesa ya kufuga mbuzi na kulima simsim. Ile mpango ilikuwa nzuri kwa karatasi, mpaka milioni 12.5 kwa grupu, ukilipa ndani ya mwaka mmoja hakuna riba.

Lakini sisi wenyewe tuliharibu na nataka watu wajue ili wasirudie. Tulikuwa 12 kwa sababu fomu ilitaka watu 10 mpaka 15, sio kwa sababu tulijuana. Tukaongeza majina, binamu wa huyu, rafiki wa yule. Mbuzi zikafika, siku ya kwanza watu 12 walikuja na makofi. Mwezi wa pili tukawa 5 tunaochunga. Mwezi wa sita mbuzi zinakufa, nani atatoa pesa ya daktari, kila mtu anasema "ni ya grupu". Msichana mmoja alikuwa anaamka saa kumi na moja asubuhi kuwatoa zizini peke yake, na siku ya kuuza watu 12 walirudi kugawana. Yule dada hakulima tena na watu mpaka leo, na mimi namwelewa.

Nilibaki kwa sababu baada ya pale tulijitenga watatu tu tuliokuwa tunaonekana zizini. Tukaanza na mbuzi 4. Leo tuna 31 na ekari 3 za simsim. Kwa hiyo PDM ya mtu mmoja mmoja mimi naiona bora kuliko ile ya grupu, lakini mtu peke yake naye hawezi kubishana na lori. Tafuta wawili watatu ambao umewaona na jembe mkononi wakati hakuna pesa ya serikali karibu. Wale 3 wenzako walioondoka usiwafuate.

---

Dalali_Busia

Mimi nanunua mahindi, niko mpakani Busia. Sitaki watu wafikiri sisi wenye malori ni wezi wote, acha niwaambie kwanini tunatoa 600.

Machi 2021 Kenya ilifunga mahindi yetu na ya Tanzania kwa ajili ya sumukuvu, aflatoksini. Walifungua baada ya siku chache lakini kwa masharti, mzigo uwe na cheti, sumukuvu isizidi sehemu 10 kwa bilioni, unyevu kiwango ni asilimia 13.5. Tangu siku hiyo mimi nikinunua mahindi mabichi Julai yaliyoanikwa kwenye udongo nanunua hatari. Lazima nianike tena, lazima nitoe yaliyooza, mzigo ukikataliwa hasara ni yangu. Hiyo hatari yote nimeiweka ndani ya ile 600.

Kijana wa Kigumba, ungenipa mahindi makavu ya unyevu 13, yameanikwa kwenye turubali, hayana mawe, hata Julai hiyohiyo ningekuongezea. Sio mara mbili, lakini ningeongeza. Turubali mbili ni gharama ndogo kuliko unachopoteza. Usianike kwenye lami pia, watu wa huko kwenu wanapenda sana lami, magari yanakanyaga na mchanga unaingia. Kupima bila mashine, chukua chupa kavu ya soda, weka mahindi kiasi na chumvi kavu kidogo, tikisa dakika chache uache itulie. Chumvi ikishika kwenye ukuta wa chupa bado mabichi, ikibaki kavu chini, basi mahindi yako tayari. Sisi tunatumia mashine ila hiyo ya chumvi haijawahi kunidanganya sana.

Na kingine, mkiwa watu 10 mna tani 15 kavu mahali pamoja, lori linakuja kwenu. Mkiwa mmoja mmoja na magunia 19 kila mtu, nyie ndo mnalifuata lori.

---

Furaha_Kyangwali

Jambo ndugu zangu. Miye ni mukimbizi mukongomani, niko Kyangwali. PDM hainihusu juu ni ya raia, lakini nasoma hii mambo na naona tunafanana. Huku tunapewa kipande kidogo cha udongo, sheria ya Uganda inaturuhusu kulima na kuuza na kutembea, hiyo tunashukuru sana.

Chenye kimenibakiza kwa shamba ni kikundi cha sanduku. Sisi watu 25, kila juma tunaweka, sanduku iko na kufuli tatu na kila ufunguo iko kwa mutu tofauti. Wakati wa mavuno sikuuzaka mahindi yote, nakopa kwa sanduku kidogo nalipia shule na dawa, mahindi inangoja mwezi wa kumi. Bila ile sanduku nami ningeuza kwa bei ya Julai sawa na wewe. Hakuna serikali ndani, ni sisi tu na kitabu.

---

MamaMboga_Masindi

Furaha umesema kitu. Mimi pia niko kwenye kundi la akiba na ndo lililonisaidia nyanya zilipooza.

Kijana kitu kimoja zaidi, mbegu. Ulisema haibridi ya dukani. Ulinunua duka lenye leseni na pakiti iliyofungwa, au ya kupimiwa kwenye gunia? Kilo 950 kwa ekari ni kidogo kwa haibridi hata na jua hilo. Huku feki ziko nyingi, wanapaka rangi mahindi ya kula. Angalia lebo ya serikali kwenye pakiti kabla hujalipa, na tunza risiti. Wakati mwingine kama pesa ni ndogo bora Longe 5, sio haibridi, unaweza kuchagua mahindi mazuri ukarudia mbegu msimu mmoja au miwili. Haibridi ukirudia mbegu umejiumiza. Kituo cha utafiti cha Bulindi kule Hoima kinahudumia Bunyoro yetu, ukipita huko ingia uwaulize, ni watu wa kusaidia.

---

Kijana_wa_Kigumba

Ilikuwa ya kupimiwa. Mwenye duka alisema ni ileile ya pakiti ila imefunguliwa ili tupate bei nafuu. Nimeenda sasa hivi kuangalia punje chache zilizobaki ndani ya chupa, nikazilowesha kwenye kikombe, rangi imetoka yote maji yamekuwa mekundu na punje ni nyeupe kabisa kama za ugali. Sijui kama mbegu ya kweli nayo hutoa rangi hivyo, wanaojua watanisaidia. Lakini nimekaa nayo hapa natazama hicho kikombe moyo unauma, 160,000 yangu.

Nimesoma yote na mke wangu amesoma pia, tumezungumza mpaka usiku. Boda sichukui. Kuna mama mjane hapa ana ekari 3 upande wa chini, robo yake inagusa bwawa dogo la maji ya mvua, watoto wake wako Kampala. Nitamwomba miaka 5. Ekari moja mahindi ya Longe 5, robo ya bwawani mboga ya mke wangu, nyingine nitaiacha kwanza mpaka nipate nguvu. Katika ile 978,500 bado nina 610,000, sitaingiza yote msimu huu. Na nitamtafuta kijana mmoja wa jirani anayelima mihogo peke yake, huyo sijawahi kumwona amekaa kwenye kijiwe.

Mzee, samahani kukusumbua, hayo makubaliano yanaandikwaje? Mimi sijawahi kuandika karatasi ya namna hiyo na sitaki yule mama afikiri namnyang'anya ardhi.

---

MzeeWaBunyoro

Hunisumbui. Kwanza usiende na karatasi. Nenda siku ya kwanza na mke wako na mtoto, kaa naye, mwambie unachotaka kufanya, mwambie ardhi inabaki yake na mipaka haisogei. Mwombe awapigie simu watoto wake Kampala wakiwa nawe hapo ili wasikie kwa mdomo wako. Karatasi ni siku ya pili.

Mimi na yule kijana wa ndizi tuliandika kwa lugha ya nyumbani, yeye anaelewa na mimi naelewa. Ilikuwa hivi kwa Kiswahili: "Mimi fulani, mwenye ardhi iliyoko kijiji fulani, ekari ngapi, imepakana na nani mashariki na nani magharibi, nakubali fulani alime ardhi hii miaka 5 kuanzia tarehe hii. Atanilipa kiasi hiki kila mwaka kabla ya mvua za Machi. Ardhi ni yangu, yeye hataiuza wala hataikodisha kwa mtu mwingine. Nikiihitaji kabla ya miaka 5, nitamwambia msimu mmoja mbele, nitamwacha avune kilichoko shambani, na nitamlipa kazi aliyoifanya kama wazee wa kijiji watakavyokadiria." Halafu majina, sahihi au dole gumba, mashahidi wawili kila upande, muhuri wa LC1.

Tembeeni mipaka kwa miguu kabla ya kusaini, wewe, yeye na majirani wote wa pembeni, na mkiweza pandeni mti wa mulamula, ule wa kuonyesha mipaka, kila kona. Andikeni nakala tatu, moja yako, moja ya mama, moja ibaki kwa mwenyekiti.